Seli T na kifo kinacholinda mwili

Mwili wa mtu mzima huua mabilioni ya seli zake wenyewe kila siku. Kifo hicho si ajali wala si dalili ya maradhi. Hufuata maagizo yaliyomo katika jeni za seli inayokufa, huenda hatua kwa hatua, na kwa kawaida humalizika bila mwenye mwili kuhisi chochote. Katika mfumo wa kinga, kazi hiyo huonekana wazi kabisa kwa seli T, zile chembe nyeupe za damu zinazotambua virusi, bakteria na seli za saratani. Seli T huzaliwa kwa wingi na kuchujwa kwa ukali. Maradhi yanapoingia huongezeka kwa kasi, na yanapokwisha hupunguzwa hadi zikabaki chache. Katika kila hatua, kifo ndicho kinachoamua ipi ibaki na ipi iondoke. Kikikosekana, seli T huugeukia mwili uliozizaa. Kikizidi, mwili hubaki bila ulinzi.

Kipokezi cha kubahatisha

Chimbuko la seli T ni uboho uliomo ndani ya mifupa, lakini hazikomai humo. Zikiwa changa husafiri kwa damu hadi kwenye thaimasi, tezi iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo. Tezi hiyo huwa kubwa utotoni, na baada ya balehe husinyaa polepole huku nafasi yake ikichukuliwa na mafuta. Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliidhania kuwa haina kazi ya maana. Mwaka 1961 Jacques Miller, mtafiti aliyekuwa akifanya kazi London, alieleza yaliyowapata panya walioondolewa thaimasi mara baada ya kuzaliwa. Chembe nyeupe zao zilikuwa chache mno, walishambuliwa na maradhi kwa urahisi, na walipopandikizwa ngozi ya panya wa ukoo mwingine, miili yao haikuikataa. Ndipo ilipojulikana kuwa kinga hutegemea tezi hiyo.

Seli T zinazotoka humo ni za makundi mawili makubwa. Seli T saidizi, zinazotambulika kwa alama iitwayo CD4, huzichochea seli nyingine za kinga, zikiwamo zile zinazotengeneza kingamwili. Seli T za kuua, zenye alama ya CD8, huikabili moja kwa moja seli iliyoingiwa na virusi au iliyogeuka kuwa saratani. Iwe ya kundi gani, kila seli T ina juu ya utando wake maelfu ya vipokezi, vyote vya umbo moja. Kipokezi hushika kipande kidogo cha protini kinachooneshwa juu ya seli nyingine. Vikilingana barabara, seli T huamka na kuanza kazi.

Umbo la kipokezi hupatikana kwa kubahatisha. Seli changa ikiwa ndani ya thaimasi hukata vipande vya jeni za kipokezi na kuviunganisha upya, kwa mpangilio ambao haukuwapo kwa baba wala kwa mama. Faida yake ni kubwa: miongoni mwa mamilioni ya maumbo, halikosekani litakaloshika hata kirusi ambacho binadamu hajawahi kukutana nacho. Hatari yake nayo ni kubwa. Maumbo mengine hayashiki chochote, na mengine hushika protini za mwili wenyewe, kama vile insulini inayotengenezwa na kongosho. Jeni haziwezi kujua mapema umbo lipi litafaa. Kwa hiyo mwili huyatengeneza yote, kisha huziua seli zilizobeba maumbo yasiyofaa.

Kufa kwa mpango

Seli inaweza kufa kwa njia zisizofanana kabisa. Ikiunguzwa, ikipondwa au ikikosa oksijeni ghafla, huvimba na kupasuka, na vilivyomo ndani humwagika. Vitu hivyo huwasha tishu za jirani, ukafuata uvimbe, joto na maumivu. Hiyo ni nekrosisi. Njia nyingine ni apoptosisi, jina lililotolewa mwaka 1972 na John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie. Hapo seli hujibomoa yenyewe kwa utaratibu, kama fundi anayebomoa nyumba iliyobanana na nyingine kwa kutoa bati, mbao na tofali moja moja ili jirani asidhurike.

Wabomoaji wakuu ni vimeng'enya viitwavyo kaspesi. Vimo ndani ya seli muda wote, vikiwa vimelala. Amri ikija, kaspesi za kwanza huziamsha nyingine, na hizo hukata mamia ya protini. Nyuzi zinazoipa seli umbo lake hukatika, seli husinyaa, na utando wake hutoa malengelenge. Kimeng'enya kingine kilichokuwa kimefungwa huachiwa, kikaikata DNA vipandevipande. Wakati huohuo mafuta yaitwayo fosfatidilserini, ambayo katika seli hai hukaa upande wa ndani wa utando, hutokea upande wa nje. Makrofaji, seli zinazomeza uchafu na vimelea, huyatambua mafuta hayo, huikumbatia seli inayokufa na kuimeza kabla haijapasuka. Shughuli yote huchukua saa chache, na haiachi kidonda wala uvimbe.

Amri ya kufa huja kwa njia mbili. Njia ya nje huanzia juu ya utando, pale protini ya seli nyingine inapogusa kipokezi cha kifo. Njia ya ndani huanzia kwenye mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati. Ndani ya kila seli zimo protini zinazosukuma kuelekea kifo, kama ile iitwayo BIM, na nyingine zinazokizuia, hasa BCL-2. Seli ikinyimwa ishara za kuishi au DNA yake ikiharibika, za kusukuma huzishinda za kuzuia. Mitokondria hutoboka, na protini iitwayo saitokromu C huvuja na kuziamsha kaspesi. Mwaka 1996 maabara ya Xiaodong Wang nchini Marekani ndiyo iliyobaini kuwa protini hiyo, iliyojulikana siku zote kwa kazi ya kuzalisha nishati, ndiyo hiyohiyo inayowasha kifo.

Ushahidi kuwa kifo hiki kimo katika jeni ulitoka kwa mnyoo mwenye urefu wa milimita moja hivi, Caenorhabditis elegans. Katika kukua kwake, mnyoo huyo huzalisha seli 1,090 za mwili, na 131 kati ya hizo hufa, tena zilezile kwa kila mnyoo. Sydney Brenner, John Sulston na Robert Horvitz walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa uchunguzi huo. Jeni za kifo walizozikuta kwa mnyoo zina ndugu zao katika mwili wa binadamu, zikiwamo zile za kaspesi na ile ya BCL-2.

Mchujo ndani ya thaimasi

Seli changa zikiingia kwenye thaimasi hukaa kwanza katika gamba lake la nje, ambako hugawanyika kwa wingi na kuunda vipokezi. Hapo hukutana na jaribio la kwanza. Seli za thaimasi huonesha vipande vya protini za mwili vikiwa vimepakatwa na molekuli maalumu za utambulisho. Seli T yenye kipokezi kinachoweza kuzishika molekuli hizo, angalau kwa udhaifu, hupata ishara ya kuishi. Ambayo kipokezi chake hakishiki kitu haipati ishara yoyote. Hakuna kinachoishambulia; hukaa siku tatu au nne ikisubiri, kisha hufa yenyewe. Sehemu kubwa ya seli changa huishia hapo, maana hata zingetoka zisingekuwa na msaada wowote kwa mwili.

Jaribio la pili ni la kuondoa zilizo hatari. Kipokezi kikishika protini ya mwili wenyewe kwa nguvu kupita kiasi, seli hupata ishara kali mno. BIM huongezeka, mitokondria hutoboka, na seli hufa. Mwaka 1987 kundi la John Kappler na Philippa Marrack, huko Denver, lilieleza jinsi lilivyofuatilia seli T za panya zenye aina ya kipokezi iliyojulikana kushika molekuli za panya haohao. Miongoni mwa seli changa za thaimasi zilionekana. Miongoni mwa zilizokomaa hazikuwamo. Mwili ulikuwa umezifuta kabla hazijatoka. Baadaye, mwaka 2002, watafiti wa Melbourne walionesha kuwa kwa panya wasio na BIM, seli za namna hiyo hunusurika.

Swali moja liliwasumbua wataalamu kwa miaka mingi. Insulini hutengenezwa na kongosho, na homoni nyingine hutengenezwa na tezi zilizo mbali na kifua. Seli T iliyomo ndani ya thaimasi itajaribiwaje kwa protini ambazo hazipo hapo? Jibu lilipatikana kupitia jeni iitwayo AIRE, iliyotambuliwa mwaka 1997 katika familia zenye ugonjwa adimu wa kurithi, unaojulikana zaidi Finland kuliko nchi nyingi. Wagonjwa hupata fangasi wa mdomoni wasioisha, na kinga yao hushambulia tezi zinazosimamia madini ya kalsiamu na zile zilizo juu ya figo. Katika mwili wenye afya, AIRE huziwezesha seli za sehemu ya ndani ya thaimasi kutengeneza kiasi kidogo cha maelfu ya protini za viungo vingine. Kwa hiyo seli T changa hukutana na insulini humohumo kifuani. Inayoishika kwa nguvu hufa hapo. AIRE ikiharibika, jaribio hilo hupungukiwa na maswali, na seli hatari hupita.

Ukali wa mchujo huu huonekana katika hesabu. Thaimasi ya panya mchanga huzalisha seli zipatazo milioni 50 kwa siku, na zinazotoka zikiwa zimekomaa ni milioni moja hadi mbili. Zilizobaki hufia ndani. Hata hivyo, mtu akikitazama kipande cha tezi hiyo kwa hadubini huona maiti chache tu za seli, kwa sababu makrofaji huzimeza mara zinapoanza kufa.

Si kila seli inayoushika mwili wenyewe huuawa. Baadhi hugeuzwa kuwa seli T dhibiti, ambazo kazi yake ni kuzituliza nyingine. Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025 kwa kuufichua udhibiti huo. Nazo zipo seli chache za hatari ambazo hupenya mchujo bila kukamatwa, na ndiyo maana mwili huendelea kutumia kifo hata nje ya thaimasi.

Maradhi yakiisha

Seli T iliyofaulu huingia kwenye damu na kuzunguka katika tezi za limfu. Kwa kirusi fulani ambacho mwili haujakutana nacho, seli zinazoweza kukitambua huwa chache sana, pengine mamia tu kwa panya mmoja. Kirusi kikiingia, hizo chache huanza kugawanyika, kila moja ikitoa mbili ndani ya saa chache. Uchunguzi mwingi wa jambo hili umefanywa kwa panya walioambukizwa kirusi kiitwacho LCMV. Kwa panya hao, ifikapo siku ya nane, nusu au zaidi ya seli T za kuua zilizoamshwa huwa ni za kupambana na kirusi hicho kimoja, na idadi yake hufikia mamilioni.

Kirusi kikishindwa, wingi huo hauhitajiki tena. Seli zilizoamshwa hula nishati nyingi, hutoa kemikali zinazowasha tishu, na zinaweza kumdhuru mwenye mwili. Katika wiki moja au mbili zinazofuata, asilimia 90 hadi 95 hufa. Sababu kuu ni kupungua kwa ishara za kuishi. Vita vikiendelea, seli T hupewa protini za kuzikuza, zikiwamo intalukini-2. Kirusi kikitoweka, protini hizo hupungua, BIM huishinda BCL-2, na apoptosisi huanza kwa maelfu kwa maelfu.

Zinazobaki, asilimia 5 hadi 10, ndizo seli za kumbukumbu. Seli hizo hubeba vipokezi vya intalukini-7 na intalukini-15, protini mbili ambazo mwili hutoa kidogokidogo hata wakati wa afya. Kwa hiyo hudumu, na kirusi kilekile kikirudi, mwili hauanzi na mamia ya seli bali na maelfu mengi yaliyo tayari. Chanjo hufuata mkondo huohuo. Kwa mtu aliyechanjwa homa ya manjano, seli T za kuua huongezeka hadi kufikia kilele baada ya wiki mbili hivi, kisha nyingi hufa, na za kumbukumbu hubaki kwa miaka mingi. Kufa kwa zile nyingi ndiko kunakoacha nafasi kwa kinga mpya. Mwili ungekuwa unazihifadhi zote baada ya kila mafua na kila homa, tezi na damu zingejaa mapema utotoni.

Kipokezi cha kifo

Kunyimwa ishara hakutoshi kila mara. Maradhi yanapokaa muda mrefu, au seli T inaposhika protini ya mwili ambayo haitatoweka kamwe, ishara za kuamka haziishi. Hapo njia ya nje ndiyo inayohitajika, na mlango wake ni kipokezi kiitwacho Fas.

Shigekazu Nagata na wenzake huko Osaka waliipata jeni ya Fas mwaka 1991, na miaka miwili baadaye wakaipata jeni ya protini inayokigusa, iitwayo FasL. Seli T iliyoamshwa mara moja huvumilia mguso wa Fas. Iliyoamshwa tena na tena huwa tayari kufa, na yenyewe hutoa FasL juu ya utando wake. Seli mbili za namna hiyo zikikaribiana huuana, na hata seli moja inaweza kujiua. Vipokezi vitatu vya Fas hukusanyika na kuvuta protini iitwayo FADD upande wa ndani wa utando. FADD huikamata kaspesi-8, kaspesi-8 huiamsha kaspesi-3, na ubomoaji huanza. Mwaka 1991 Michael Lenardo alionesha kuwa intalukini-2 yenyewe, ileile inayozikuza seli T, huziandaa kwa kifo cha aina hii. Kadiri zinavyochochewa zaidi, ndivyo zinavyokuwa nyepesi kutii amri ya kufa, na hivyo ongezeko hujiwekea kikomo.

FasL hutumika pia kulinda sehemu ambazo uvimbe ungezidhuru. Jicho ni mfano mmojawapo: mchomo mkali ndani yake unaweza kuleta upofu. Mwaka 1995 ilidhihirika kuwa tishu za jicho hubeba FasL, na seli za kinga zilizoamshwa zikiingia humo hufa. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya upandikizaji wa konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, kukubalika na mwili kuliko upandikizaji wa viungo vingi.

Seli T za kuua hutumia mashine hiyohiyo dhidi ya seli zilizoambukizwa. Hutoboa utando kwa protini iitwayo perforini na kuingiza vimeng'enya viitwavyo granzaimu, ambavyo huziamsha kaspesi za seli inayoshambuliwa. Kazi hiyo nayo huizima kinga, maana seli zinazoonesha vipande vya kirusi zikiuawa, uchochezi hupungua. Watoto waliozaliwa wakiwa na jeni mbovu ya perforini hupata homa kali, wengu kuvimba na upungufu wa damu, kwa kuwa seli zao T huendelea kuchochewa bila kikomo. Wasipotibiwa, wengi hufa wakiwa wadogo.

Watoto ambao seli zao hazifi

Umuhimu wa Fas ulithibitishwa na panya wagonjwa. Kwa miaka mingi maabara zilifuga panya wa ukoo uitwao lpr, ambao tezi zao za limfu huvimba kupita kiasi na kinga yao hushambulia figo. Mwaka 1992 kundi la Nagata liligundua kuwa jeni ya Fas ya panya hao ni mbovu. Mwaka 1994 panya wa ukoo mwingine, gld, wenye dalili zilezile, walikutwa na kasoro katika jeni ya FasL. Mmoja hana mlango na mwingine hana wa kubisha. Ugonjwa ni uleule.

Kwa binadamu, mwaka 1967 madaktari Virginia Canale na Carl Smith walieleza habari za watoto wenye ugonjwa ulioonekana kama saratani ya tezi bila kuwa saratani. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani na wa Ufaransa, kila kundi kwa upande wake, walikuta kasoro za Fas kwa watoto wenye ugonjwa wa namna hiyo, ambao leo hujulikana kwa kifupi kama ALPS.

Mtoto mwenye ALPS kwa kawaida huanza kuvimba tezi za shingo, kwapa na kinena akiwa na umri wa miaka michache. Mitoki hiyo haiumi wala haiishi, hata akipewa viuavijasumu. Tumbo hujaa upande wa kushoto kwa sababu ya wengu uliotanuka. Kisha kinga huanza kuharibu chembe za damu: chembe nyekundu zikiharibiwa mtoto hudhoofika na kupauka, chembe sahani zikiharibiwa hutoka damu puani na kwenye fizi, na ngozi hupata madoa. Damu yake ikipimwa, hukutwa seli T zisizo na CD4 wala CD8, aina ambayo kwa watu wengine ni chache sana. Hizo ni seli zilizopaswa kufa zamani. Kasoro katika nakala moja tu ya jeni hutosha kuleta ugonjwa, maana Fas hufanya kazi kwa vipokezi vitatu pamoja, na kimoja kibovu huvizuia vingine. Wagonjwa hao wamo pia katika hatari kubwa kuliko kawaida ya kupata saratani ya limfoma, kwa kuwa seli inayokataa kufa hupata muda wa kukusanya makosa katika jeni zake.

Uhusiano huo wa kutokufa na saratani ulijulikana kupitia BCL-2. Katika aina moja ya limfoma ya seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, kipande cha kromosomu ya 18 huhamia kwenye kromosomu ya 14, na jeni ya BCL-2 huwashwa bila kuzimwa. Mwaka 1988 David Vaux na wenzake wa Melbourne walionesha kuwa kazi ya jeni hiyo si kuzigawanya seli bali ni kuzizuia zisife.

Kifo kinapozidi

Upande wa pili wa mizani unajulikana sana Afrika Mashariki kwa sababu ya VVU. Kirusi hicho huingia ndani ya seli T kwa kushika alama ya CD4. Mtu mwenye afya huwa na seli za CD4 kati ya 500 na 1,500 kwa kila maikrolita ya damu. Bila dawa, idadi hushuka mwaka hadi mwaka, na ikipungua chini ya 200 maradhi nyemelezi hupata njia, yakiwamo aina za nimonia na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi.

Ingedhaniwa kuwa seli hizo hufa kwa sababu kirusi kimezaliana ndani yake na kuzipasua. Uchunguzi wa miaka ya 1990 ulibaini kuwa katika tezi za limfu nyingi zinazokufa si zile zinazozalisha virusi bali ni majirani zake. Mwaka 2014 watafiti wa San Francisco walioongozwa na Warner Greene walieleza namna mojawapo. Kirusi huingia kwenye seli iliyopumzika, hushindwa kumaliza kazi, na kuacha mabaki ya DNA yake. Seli huyahisi mabaki hayo na kuiamsha kaspesi-1. Kifo kinachofuata si apoptosisi tulivu bali piroptosisi, ambayo huipasua seli na kumwaga kemikali za uchochezi. Kemikali hizo huziita seli nyingine za CD4 mahali palepale, nazo huingiliwa na kufa. Dawa za kufubaza virusi hukata mzunguko huo kwa kuzuia kirusi kuzaliana, na seli za CD4 huanza kupanda tena. Ndiyo sababu tangu 2015 Shirika la Afya Duniani limependekeza kila mwenye VVU aanze dawa mara moja, bila kungoja CD4 zishuke.

Utapiamlo nao huua seli T, na huzianza zikiwa changa. Mtoto aliyekonda kwa njaa hupandisha homoni ya kotisoli, na homoni ya leptini inayotoka kwenye mafuta ya mwili hushuka. Hali hizo mbili huziua seli changa za thaimasi kwa apoptosisi, na tezi husinyaa. Ndiyo sababu mojawapo inayofanya surua au kuhara kumwangusha mtoto mwenye utapiamlo kwa urahisi. Watoto waliofuatiliwa nchini Bolivia miaka ya 1990 kwa kipimo cha altrasaundi walionesha kuwa uzito hurudi mapema kuliko thaimasi. Mtoto anayeonekana amenenepa bado anahitaji kuangaliwa kwa wiki kadhaa, hadi kinga nayo irejee.

Dawa zinazotumia kifo

Tiba nyingi zilizozoeleka hufanya kazi kupitia njia hizi. Prednisoloni na deksamethasoni, dawa za jamii ya kotisoli, huzisukuma chembe nyingi za limfu kwenye apoptosisi. Ndiyo maana hutumika kutuliza kinga inayoushambulia mwili na pia kutibu baadhi ya saratani za damu. Zikitumika muda mrefu bila usimamizi wa daktari, mwili huwa dhaifu mbele ya maambukizi. Kwa watoto wenye ALPS, dawa iitwayo sirolimasi imesaidia kupunguza mitoki na kuokoa chembe za damu. Venetoklaksi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa aina moja ya saratani ya damu, huifunga BCL-2 na kuziachia seli za saratani zife.

Hatua mpya zaidi ni kuipa seli T swichi ya kifo kabla haijaingizwa mwilini. Mgonjwa anayepandikizwa uboho huhitaji seli T za mfadhili ili apambane na maambukizi, lakini seli hizohizo zinaweza kumshambulia ngozi, utumbo na ini. Watafiti wa Houston waliziongezea seli za mfadhili jeni ya kaspesi-9 iliyorekebishwa, ambayo hulala hadi dawa maalumu itolewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalieleza wagonjwa wanne waliopata shambulio hilo. Dozi moja ya dawa iliua zaidi ya asilimia 90 ya seli hizo katika nusu saa, shambulio likakoma na halikurudi. Swichi za namna hii sasa hujaribiwa pia kwa seli T zinazorekebishwa kupambana na saratani, ili daktari awe na uwezo wa kuzisimamisha zinapomdhuru mgonjwa badala ya kumtibu.